Makinda Wenye Ndevu

Kinda ni mtoto wa ndege asiyeweza kuruka. Mtoto wa kuku ni kifaranga, na hapo mwalimu wetu hakuwa na mzaha: ukichanganya, fimbo. Lakini kwetu Kitandililo, enzi za Mwingereza, neno hilo liliacha viota likahamia kwa wanaume. Kinda alikuwa yeyote ambaye hajaenda Tanga kukata mkonge. Ungeweza kuwa na ndevu, mke, na shamba la ulezi linalofika mtoni. Kama hujapanda lori la manamba, wewe ni kinda tu.

Waliolieneza ni wale waliorudi. Mungu anisamehe, sijapata kuona watu wenye madaha kama wale. Walilima na kofia kichwani, wakaingia nazo kanisani mpaka mzee wa kanisa akohoe. Ng'ombe wa baba zao, waliozaliwa na kukua kwa Kibena, sasa waliswagwa kwa Kiswahili cha Tanga. Ng'ombe hawakuelewa, ila walitembea. Kikohozi ambacho wengine walirudi nacho hakuna aliyekiulizia.

Mimi nilikuwa na shida moja: nilimpenda binti mmoja wa Mahongole. Baba yake alinisikiliza kwa adabu, akanikaribisha ulanzi, pombe yetu ya mianzi, kisha akasema, "Kijana, mimi siozeshi makinda. Nenda Tanga, urudi, ndipo tuzungumze." Yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka Njombe mjini. Sikumkumbusha, mkwe hakumbushwi.

Nikamwambia mama, ambaye alikuwa mjane, kwamba malori yakija nakwenda. Hakubisha. Nilitegemea kilio, kwa sababu kaka yangu alikwenda huko na hakurudi; kofia yake tu ndiyo iliyoletwa na mwenzake. Badala ya kulia, mama akaanza ubahili. Ugali wangu ukawa kama yai, mboga yangu maji matupu. Wadogo zangu walikula wakashiba, mimi nikaambiwa mwanaume anayekwenda mkonge aanze kuzoea shida. Nilikasirika sana. Lakini njaa nayo ina kiburi chake, nami sikuomba nyongeza hata mara moja. Niliapa nitashiba Tanga.

Siku ikafika, nikatembea hadi Makambako, kwenye kambi ya waandikishaji. Tulipangwa mstari vifua wazi, na upepo wa Makambako ukatupiga kana kwamba tumeukosea. Karani akanipandisha kwenye mzani, akatazama, akaugonga kwa kidole, akatazama tena. Kisha akanibonyeza mbavu.

"Huyu ni kinda," akamwambia Mzungu msimamizi wa kambi. Mzungu hakulijua neno hilo, kwa hiyo karani akapigapiga viwiko kama mabawa, akaachama mdomo. Mzungu alicheka mpaka akavua miwani. Mstari mzima ukacheka, hata waliokuwa wakitetemeka kwa baridi na wakisubiri zamu yao ya kubonyezwa. Nikarudishiwa shati langu.

Njia nzima nilitembea na aibu. Akilini nilikwisha kumwona yule binti akiolewa na mtu mwenye kofia, na kwa kweli ndivyo ilivyokuja kuwa. Nilikuwa na uchungu na Mzungu, na karani, na baba mkwe, na zaidi ya wote mama, aliyeshindwa kunipa hata tonge la ziada.

Nilimkuta jikoni.

"Kamwene, mama," nikamsalimu. "Wamenikataa. Mimi mwepesi."

Alitoka nje, nikasikia kelele za kuku uani. Baadaye akaniwekea mbele jogoo wetu wa pekee, mzima, na ugali ambao wawili wasingeumaliza. Akaninawisha mikono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nilipokuwa mdogo. Nilipochukua tonge la kwanza akanishika mkono.

"Malori yameondoka?"

"Yameondoka."

"Yote?"

"Yote, mama."

Akaniachia mkono. "Haya, mwanangu. Sasa kula ushibe."