Jiwe la Wanja la Mlima wa Shaba

Nakumbuka asubuhi ile nilipomnyang'anya bibi yako kichupa cha wanja nikakipigiza ukutani. Ukuta wa jikoni una doa jeusi mpaka leo, na sitaki lipakwe rangi. Mwanangu Rayya, mimi si mzee, mvi sina hata moja, lakini mambo yale yalinizeesha. Basi nisikilize kama unavyowasikiliza wazee.

Jana yake tulikuwa hospitali ya Ibra. Ulikuwa hunyonyi, tumbo limefunga, umelegea kama kitambaa kilichorowa. Daktari akakutoa damu, baadaye akaniuliza, "Mnamtia wanja?" Nikajibu kwa fahari kwamba ndiyo, tena wa jiwe tunalolisaga wenyewe, si wa dukani. Akaniambia damu yako ina madini ya risasi, na wanja ule usiguse jicho lako tena. Nikamweleza Bi Zuwena, mama yake baba yako, akaitikia vizuri kabisa. Asubuhi namkuta amekulaza mapajani, jicho moja limeshatiwa, kijiti kinaelekea la pili.

"Mama! Si nilikwambia jana?"

"Huyo daktari mgeni, anajua nini? Jiwe la mlima wetu lina dhara gani? Mwacha asili ni mtumwa, mwanangu."

Hapo ndipo kichupa kiliporuka.

Hiyo asili yenyewe nikueleze. Bi Zuwena kazaliwa Unguja. Kule mama yake akifanya wanja wa masizi: utambi wa pamba, mafuta, sahani kufunikwa juu ya moto, basi. Alipoletwa huku Ibra, mji wa babu zake ng'ambo ya bahari, bado msichana, majirani walimcheka, "Hawa Wazanzibari wanajipaka moshi!" Kicheko kile hakikumtoka. Leo hao majirani hata jiwe hawalisagi, wengine hawamtii mtoto wanja kabisa. Sisi tuliorudi kutoka Unguja ndio tumekaa na kinu, tunasaga na kuchekecha kwa kitambaa, tunataka kuwa wenyeji kuliko wenyeji.

Nililia, kisha nikaona kulia hakunifundishi kitu. Nikakuacha kwa mama yangu mzazi, nikatia kipande cha lile jiwe mkobani, nikaenda mlimani, kule tulikoambiwa limechimbwa.

Ni kilima tu, nyuma ya mashamba ya mitende, ambapo watu wa kale walichimba shaba. Chini kuna malundo ya vipande vyeusi vizito, vinang'aa kama kioo kilichovunjika. Hizo ni taka za matanuri yao. Juu mwamba umevaa wekundu wa kutu. Ndani ya nyufa kuna kijani, kijani cha kasuku, na mahali pengine buluu kidogo. Nikavunja jiwe moja, ndani likametameta njano nikadhani dhahabu. Lakini jiwe langu lilikuwa la kijivu, zito, likivunjika linatoa vipande vya pembe nne kama sukari ya donge. La namna ile sikuliona, si chini wala juu. Nikasimama pale kama mtu aliyepotea nyumbani kwake.

Nikampigia simu mwalimu wangu wa jiografia wa sekondari, yule aliyetufundisha kwamba milima hii ilikuwa sakafu ya bahari. Nilikuwa sijamwamini, na pale juani, koo limenikauka, ndio kabisa sikumwamini.

"Mwalimu, shikamoo. Mlima wa shaba unaweza kutoa risasi?"

"Marahaba. Unaweza, madini hayo mara nyingine hukaa pamoja. Lakini mimi mle sijaiona. Bila kulipima hilo jiwe, nitakudanganya."

Nikaenda kwa muuzaji aliyemuuzia Bi Zuwena lile jiwe, kibandani kwake kando ya barabara. Mezani mawe ya kijani, ya njano, ya kijivu, yote chini ya kibao kimoja: wanja na mawe ya mlima wa kale.

"Hili la kijivu umelichimba wapi?"

"Hukohuko, dada."

"Nimetoka huko sasa hivi. Halipo."

"Basi limetoka mlima mwingine. Si milima yote ya Mungu?"

"Na mwanangu ni wa nani?"

Akaanza kufuta vumbi mezani.

Nyumbani niliposema nakwenda kumshitaki, wakanisihi niache. Watasemaje watu? Bi Zuwena ataonekana amemtilia mjukuu sumu. Nikawaambia mficha maradhi kifo humuumbua, na kesho mtoto wa mwenzangu atapakwa lile lile. Asubuhi nikamkuta Bi Zuwena mlangoni amevaa abaya, mawe yaliyobaki amefunga kwenye leso. "Twende," akasema. "Bila mimi watakwambia umeyaokota."

Damu yako inasafika polepole, mwanangu. Bado tunakupeleka kupimwa. Jiwe lilitoka wapi, sijui mpaka leo, na hilo linanikera usiku na mchana. Ila nasaha yangu ni hii: asili nayo iulizwe. Ukiambiwa kitu ni cha wazee, uliza wazee gani, na cha wapi. Aliyekucheka leo kesho atakuwa ameshasahau, na wewe bado unasaga. Mungu ayalinde macho yako, akupe ulimi wa kuuliza na moyo wa kumsamehe aliyekosea kwa mapenzi. Amin.

Na haya ndiyo maneno niliyoyapeleka ofisi ya kulinda wanunuzi, karani akayatia Kiarabu:

"Namshitaki mwenye kibanda cha mawe kwa kuuza jiwe asilolijua, akisema ni wanja wa mlima wa shaba. Mwanangu amepakwa, na damu yake imekutwa na risasi. Naomba jiwe lipimwe, lijulikane ni nini na limetoka wapi, na mpaka hapo lisiuzwe kwa mama yeyote. Ushahidi: mawe haya katika leso, na majibu ya hospitali. Shahidi: Bi Zuwena, bibi wa mtoto, aliyelinunua mwenyewe, akalisaga kwa mkono wake, na amekuja kwa miguu yake kusema."