Ndiyo ya Heshima

Kama kuna mtu Brussels nzima aliyejua maana ya neno "ndiyo", mtu huyo alikuwa Kasoki. Ndivyo alivyojiona mwenyewe, na wenzake kazini hawakumbishia. Shule ya uuguzi alikofundisha ilikuwa imeona wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza wanaacha masomo bila hata kuaga, ikaanzisha mpango wa kuwakurubisha walimu na wanafunzi. Kila mwalimu alipewa wanafunzi ishirini na sita wa kuwalea mpaka wahitimu. Kasoki, mzaliwa wa Butembo huko Kivu, aliyefika Ubelgiji mkimbizi, akaogesha wazee miaka sita kabla ya kusomea uuguzi na hatimaye kuufundisha, ndiye aliyetiwa picha kwenye kijitabu cha mpango huo. Anacheka, meno yote nje.

Yeye ndiye aliyewafundisha walimu wenzake juu ya kile alichokiita "ndiyo ya heshima". Aliwakalisha Wabelgiji wa watu mbele ya slaidi zake akawaeleza: mwanafunzi wa kwetu ukimuuliza kama ameelewa, atasema ndiyo hata kama hajaambulia kitu, kwa sababu kusema hapana ni kumwambia mkubwa kwamba hajui kufundisha. Wenzake waliandika mpaka kalamu zikapata joto. Mmoja akauliza, sasa tufanyeje? "Usimuulize," Kasoki akasema. "Mwambie akuonyeshe kwa mikono yake." Wakampigia makofi, na kusema kweli aliyastahili.

Sasa sikia alichokifanya huyo bingwa wa ndiyo.

Mwezi wa tatu alikwenda kumkagua Gracieuse, mmoja wa wale ishirini na sita, aliyekuwa akifanya mafunzo ya vitendo katika nyumba ya wazee huko Berchem-Sainte-Agathe. Gracieuse alikuwa binti wa miaka ishirini na mbili, mwenyeji wa Bukavu, mchapakazi, hana maneno mengi. Alikuwa mwanafunzi wa pili kati ya wanne ambao Kasoki alipaswa kuwaona siku hiyo. Karatasi ya ukaguzi ilikuwa na mstari mmoja kuhusu mashine ya kuinulia wagonjwa, ile inayomtoa mzee kitandani na kumweka kwenye kiti: mwanafunzi ameonyeshwa mashine, na ameitumia mbele ya mwalimu wake.

"Ile machine ya kuinua bantu, walikuonyesha?" Kasoki akauliza.

"Oui, maman."

"Na unaiweza?"

"Ndiyo, maman."

Kasoki akatia sahihi. Gracieuse akatia yake chini.

Siku tisa baadaye Gracieuse aliachwa peke yake na bibi wa miaka themanini na tisa. Akaifunga mikanda ya mashine vibaya, bibi akateleza akaanguka, mkono ukavunjika. Nyumba ya wazee iliandika barua kali. Shule nayo ikaitoa ile karatasi: huyu alionyeshwa, alijaribu mbele ya mwalimu, mwalimu kathibitisha, basi huu ni uzembe mtupu. Akaitwa mbele ya kamati. Ikithibitika ni uzembe, anafukuzwa, na miaka miwili ya masomo inakwenda na maji.

Watu wawili tu duniani walijua kwamba karatasi ile ilisema uongo.

Kasoki alijua sasa kwamba ile ndiyo ilikuwa ya heshima tu, na hakupata raha tena. Chakula kilimshinda. Alimwandikia Gracieuse ujumbe mara tano, asijibiwe hata mmoja. Nyumbani kwao Auderghem alimweleza mumewe, Jean-Marie, akiwa amesimama jikoni na sufuria mkononi asijue alitaka kuifanyia nini.

"Bon, ulisha signer ile karatasi," Jean-Marie akasema. "Donc nyamaza. Ukisema ni kosa yako, bazungu watasema unatetea mutoto wa kwenu. Watakutosha kazi, watakufukuza. Na mutoto hawatamuacha."

Ubaya ni kwamba Jean-Marie hakuwa anasema upuuzi. Kasoki alikuwa ametumia miaka kumi na minne kuhakikisha hakuna mtu katika shule ile anayeweza kusema anawapendelea watu wake. Wanafunzi wa Kivu aliwasahihisha kwa ukali kuliko wengine. Sasa alijikuta anaomba Mungu kwamba Gracieuse ajisemee mwenyewe mbele ya kamati, aseme tu, sikuonyeshwa, ili yeye Kasoki apate pa kuanzia. Aliona aibu kuiomba dua hiyo, lakini aliiomba.

Siku ikafika, Kasoki naye ameitwa kama mwalimu aliyetia sahihi. Gracieuse aliingia na shati jeupe lililopigwa pasi, akakaa mkono juu ya mkono. Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mpole mwenye miwani, akamwuliza kwa Kifaransa kama alikuwa ameonyeshwa mashine ile kabla ya ajali.

Gracieuse akaitazama karatasi mezani.

"Oui, madame."

Kasoki alihisi kama amemwagiwa maji ya moto. Mtoto huyu anafukuzwa, na bado ananifichia aibu yangu! Alipiga moyo konde, akasimama bila kupewa nafasi ya kusema.

"Hakuonyeshwa," akasema. "Niliweka sahihi bila kuona chochote. Nilimuuliza, akaniambia ndiyo, nikaandika."

Na kwa kuwa alikuwa ameshaanza, akaendelea. Akawaeleza ndiyo ya heshima, kama alivyowaeleza mara nyingi. Kwamba kwao mtoto hawezi kumwambia mkubwa hapana. Kwamba hata sasa, mbele ya macho yao, binti huyu alikuwa akifanya hivyo hivyo. Kwamba kosa ni la aliyeijua mila hiyo kuliko wote na bado akaipokea ile ndiyo. Mwenyekiti alivua miwani akaifuta.

Uamuzi ulitoka siku ile ile. Gracieuse hafukuzwi, atarudia mafunzo ya vitendo mwakani. Kasoki anapewa onyo la maandishi na kuondolewa kwenye ulezi wa wanafunzi. Lilimuuma, lakini alitoka mle ndani mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Alimkuta Gracieuse kwenye korido, karibu na mashine ya kahawa, akamwendea mikono wazi.

Gracieuse hakuinua yake.

"Maman, ile mambo ya heshima uliitoa wapi?"

"Mutoto wangu, miye najua vile kwetu..."

"Kwetu wapi? Niko hapa tangu niko na douze ans, mutoto mudogo. Ku shule, lycée yote nilikuwa nabishana na baprof, mpaka banaita maman yangu. Miye kusema hapana hainishindi."

"Alors kwa nini ulisema oui? Na leo tena?"

"Leo, juu sahihi yangu iko pale. Nani angeniamini?" Gracieuse aliongea polepole, bila kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Na ile siku, maman, haukukaa hata. Ulikuwa na koti mwilini, sac kwa bega, unaniuliza unaangalia telefone. Nilikuwa nataka kukuambia kama hawakunionyesha, kama naogopa ile machine. Nikakuona unaenda. Nikasema oui ili uende."

Kasoki akaishusha mikono yake.

"Na sasa bote banazania miye ni mutoto wa mila," Gracieuse akasema. "Merci kwa vile umesema ukweli. Lakini ungebakia cinq minutes, dakika tano tu."

Akachukua begi lake akashuka ngazi.

Kasoki alibaki pale ameshika ukuta. Alijaribu kuirudisha siku ile ya mwezi wa tatu. Alikumbuka mstari wa karatasi. Alikumbuka kalamu ilikuwa ya bluu, na kwamba tram ya kumpeleka kwa mwanafunzi wa tatu ilikuwa imebakiza dakika nne kufika. Akautafuta uso wa Gracieuse alipokuwa anasema ndiyo, akautafuta tena, asiupate. Hakuwa ameutazama.