Kinywaji cha Gari la Nicanor

Mumewe alipofariki, watu wa mji wa Oruro walidhani Saturnina Poma angeliuza gari na kurudi sokoni kuuza viazi vikavu, kazi aliyoifanya kabla ya kuolewa. Hakurudi. Alijifunga shali, akaweka mto kitini ili aione barabara, akashika zamu ya marehemu Nicanor pale kijiwe cha teksi. Kofia yake ya duara aliivua tu akiingia garini, maana dari ilikuwa chini. Aliilaza juu ya dashibodi.

Gari lilikuwa kuukuu, lakini lilikuwa na adabu mpaka ilipopita sikukuu ya Kanivali. Tangu hapo, kila likipanda mlima wa kwenda mtaa wa wachimba madini, lilivuta, likalegea, likavuta tena, na abiria wakadonoa hewa kama kuku. Likipumzishwa kidogo lilipona. Lakini halikufika mbali kabla ya kurudia yale yale.

"Mama, leo unaendesha gari au punda?" dereva mmoja alimuuliza.

"Punda anajua njia ya kwao. Wewe juzi tulikuokota mtaa wa pili."

Wakacheka, naye akacheka. Lakini jioni Erasmo, mwenyekiti wa kijiwe, alimvuta pembeni akamwambia kwa upole kwamba abiria wameanza kumkwepa. Gari lisipotulia kufikia Jumatatu, zamu ya Nicanor apewe mwingine. Kwa Saturnina, zamu ile ndiyo kitu pekee mjini kilichokuwa bado kinaitwa kwa jina la mumewe.

Sababu ya ugonjwa alidhani anaijua. Jumanne ya Kanivali kila mwenye gari hulivika maua, akalimwagia bia na vikaratasi vya rangi, ili Mama Ardhi alilinde barabarani. Mwaka huu, mara yake ya kwanza kufanya peke yake, aliona mkono wake ulikuwa mzito, hakutoa vya kutosha. Basi Ijumaa ya kwanza ya mwezi, siku ambayo watu hutoa tena sadaka hiyo, akatoa kwa ukarimu zaidi. Gari likazidi kuugua.

Ndipo alipolipeleka kwa fundi Hilarión, baba wa ubatizo wa binti yake. Hilarión alibadilisha plagi, akakagua nyaya, akasikiliza pembeni mwa kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa, kama kuna mahali inaiba hewa. Hakupata kitu. Akakaa juu ya tairi, akaanza kumhoji kama daktari: linasumbua likiwa limesimama? Hapana. Tambarare? Kidogo. Mlimani? Ndiyo hasa. Na likipumzika?

"Linapona."

"Basi moyo wake mzima. Tuangalie koo."

Akachukua chupa ya soda, akaijaza petroli, akaifunga chini ya boneti juu kidogo ya injini, na mpira wa kutoka kwenye chupa akauingiza moja kwa moja kwenye kabureta. Wakapanda mlima. Gari lilikwenda kama maji kwenye mfereji, mpaka juu.

"Injini haina kosa," alisema. "Inakosa chakula. Kosa liko kwenye tangi."

Walipolimwaga, kwanza ilitoka petroli, kisha vikaratasi, vya rangi ya waridi na ya manjano, na mabaki ya maua. Injini ilipovuta kwa nguvu vilikuwa vikiziba mdomo wa bomba. Ilipotulia, vikaanguka.

Hilarión alivitazama kiganjani mwake. "Mzazi mwenzangu, hivi viliingiaje?"

"Nilivitia mimi."

"Tumboni mwa gari?"

"Nicanor alikuwa akitia. Kila mwaka nilimwona, nikiwa dirishani jikoni. Anazunguka nyuma, anainama pale penye mfuniko wa tangi."

"Ulimwona mgongo. Alikuwa anainamia tairi la nyuma. Tairi ndilo linalonyweshwa bia na kunyunyiziwa vikaratasi."

Miaka yote ile Saturnina alikuwa akikoroga supu huku akimtazama mumewe, na hakuwahi kutoka nje kusimama karibu naye.

"Na hiyo Ijumaa uliongeza?" Hilarión aliuliza.

"Konzi mbili."

Hapo fundi alishindwa kujizuia, akacheka mpaka akashika boneti, na Saturnina naye akafuata, akijifuta macho kwa ncha ya shali.

Jumatatu Erasmo mwenyewe aliketi kiti cha nyuma, mikono kifuani. Walipanda mlima wote. Kofia juu ya dashibodi haikusogea. Waliporudi kijiweni alishuka, akafunga mlango taratibu, akaenda kusimama mahali pake pa kuitia zamu.

Saturnina alizunguka nyuma ya gari na bia iliyobaki ile Ijumaa. Akainama, akaimwaga polepole juu ya tairi, halafu akakaza mfuniko wa tangi, ingawa ulikuwa umekazwa.

"Nicanor!" Erasmo aliita, kama siku zote.

"Nipo," alisema Saturnina, akawasha gari.