Nililitaja Jina la Mpiga Gita

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili usinionee huruma kabla hujasikia.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa karani hapa Malaba, kwa wakala mmoja wa karatasi za malori pale forodhani. Rafiki yangu alikuwa Wandera, fundi wa nguo wa Busia. Jumamosi moja alikuja akaniambia, "Leo nakupeleka kusikia bendi. Lakini kuna neno nikuambie kwanza, na likae hapo hapo."

Mpiga gita wa bendi hiyo alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake Nabwire. Alikuwa mtu wa ng'ambo, Uganda, na huko alitunga wimbo wa kuwacheka wanajeshi. Walipoanza kumtafuta, akavuka mto na mke wake. Huku alijiita Joni. Jina lake la kweli walilijua Wandera, Nabwire, na Ouma, mpiga ngoma wa bendi. Sasa na mimi.

Walipiga kwenye baa iliyo nyuma ya maegesho ya malori. Hawakuwa na sahani ya santuri hata moja sokoni, wala tajiri wa kuwasimamia. Spika yao ilitumia betri ya lori waliyoazimwa na dereva. Nyimbo zote zilikuwa zao wenyewe.

Joni aliimba wimbo wa mama anayeita watoto waje kula, na hakuna anayeitika. Madereva waliacha kuongea. Wandera alijifuta macho, kisha akatoka kwenda kumsalimia dada yake uani.

Hapo ndipo akakaa karibu nami kijana mmoja wa suruali ya bugaluu, mpole, ananukia sabuni.

"Boss, huyu wa gita anajua kazi. Ni mtu wa wapi?"

Ningesema sijui, mambo yangeishia hapo. Lakini nilikuwa nimekunywa. Tena nilikuwa nimechoka kuwa karani ambaye kila dereva humfokea kutwa nzima. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, nilijua kitu ambacho mwingine hakijui.

"Huyo si Joni," nikamwambia. "Huyo ni mtu mkubwa kule ng'ambo." Nikalitaja jina lake lote, na la baba yake.

Hakushtuka. Aliniagizia bia nyingine, akashukuru, akaondoka kabla bia yake mwenyewe haijaisha.

Jumatano mtu mwingine alifika chumbani kwa Joni, akamwita kwa jina lake la kweli. Alisema mama yake Joni yu mahututi, amelazwa zahanati ya ng'ambo, mbele kidogo ya daraja, na anamuulizia. Nabwire alimshika mumewe shati asiende. Joni akasema, "Ni mama huyo." Akavuka. Hakurudi.

Kesho yake Wandera alisimama mbele ya meza yangu.

"Lile jina tulilijua wanne. Wewe ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu."

Alinitazama kidogo, akaitikia kwa kichwa. Aliniamini. Sijui nikuelezeje uzito wa kuaminiwa hivyo.

Basi akabaki Ouma. Aliapa kwa kaburi la babake, hakuna aliyemsikia. Wenzake wa bendi walimpiga, wakapasua ngoma zake, wakamfukuza Malaba akiwa na shati moja. Nilikuwa pale. Nilisimama mlangoni, mikono mfukoni.

Bendi ikafa. Mimi nikaendelea kugonga mihuri.

Mwaka huu serikali ile ya ng'ambo ilipoanguka, Nabwire alivuka kwenda kumtafuta mumewe. Aliuliza magerezani, akauliza kambini, akarudi mikono mitupu. Niliposikia hivyo nikaishiwa nguvu za kunyamaza. Nilikwenda kwa Wandera nikamwambia yote. Alinifungia mlango. Nikaenda Amukura, anakoishi Nabwire sasa. Alikuwa akimenya njugu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na Ouma umemwambia?"

"Bado."

"Mume wangu hatarudi kwa maneno yako. Lakini Ouma yuko hai. Yuko Port Victoria, anapasua samaki. Maneno haya mpelekee yeye."

Nilikwenda. Nilijua atanitukana, na nilitaka anitukane. Kumbe aliponiona alinawa mikono haraka, akanikumbatia.

"Wewe ndiye wa kwanza kutoka Malaba kuja kuniona," akasema. "Wengine wote waliniona msaliti."

Alinipikia samaki. Nilikula nikamaliza. Nilirudi nyumbani bila kusema.

Jumamosi hii naenda tena. Nimeandika haya kwanza, yasomwe na watu wote, ili nikifika nisiwe na nafasi ya kugeuka. Najua hatanikumbatia tena. Nimechoka kukumbatiwa kwa uongo.

Nawe unayesoma, siri ya mtu ikikuponyoka, sema siku hiyo hiyo. Usingoje upate ujasiri, hauji. Mimi nilikosa kwa ulimi dakika moja tu. Kunyamaza kwangu kunaingia mwaka wa nne, na siku zote hizo aliyelipa ni Ouma.