Mjane wa Mbinguni

Edda wa Maisaka hakuwa mtu wa majukwaa. Alikuwa mtu wa mahindi na maharage, na kwenye kwaya ya kigango aliimba mstari wa nyuma. Lakini kwaya ilipotunga mchezo wa kuchekesha kuhusu ndoa na mbinguni, wanawake wengine wote walikataa kuigiza mjane aliyezika waume wawili, wakisema ni kujitakia mkosi. Edda akasema mkosi gani tena, akajifunga shuka jeupe.

Jumapili baada ya ibada ukumbi ulijaa. Katika mchezo, mjane naye anakufa, anafika mbinguni na kuwakuta waume zake wote wawili wakimgombania. Wa kwanza anadai alimpenda. Wa pili anadai alimtolea mahari. Mwalimu Elibariki, aliyekuwa malaika, akamtaka achague wa kuishi naye milele. Mchezo ulitaka amchague wa kwanza. Edda akawatazama wote wawili, kisha akauliza, "Malaika, huku watu wanapika?"

Elibariki hakufundishwa jibu la swali hilo. "Hapana," akasema.

"Na kufua?"

"Hata kufua."

"Sasa hawa wananigombania ya nini?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Aliyecheka kuliko wote ni Marseli, mumewe, mpaka akajifuta machozi.

Walipofika nyumbani alikuwa bado anacheka. Akaketi, akanyoosha miguu, akasema, "Haya, Mama Brayson, leo tunakula nini?"

Edda hakuvua shuka. Akavuta kigoda, akaketi kando yake.

"Mimi bado niko mbinguni, Baba Brayson."