Watu wa Kichwa Chini kwenye Shuka la Koko

Kila nikipita kwa maseremala wa Sake baada ya mvua kulowesha mbao za mkaratusi, ile harufu kali hunirudisha kijijini kwetu Kingi, kwenye chumba cha Koko, mama mzaa baba. Nyumba yetu ilikuwa ya mbao kama zote za jirani, na kitanda chake kilitengwa na shuka jeupe lililotundikwa kwenye kamba. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mdomo mrefu, na woga mwingi ambao sikutaka mtu aujue.

Mwaka ule Koko aliugua mapafu. Dawa zilimsaidia, akarudi nyumbani, na muuguzi akasema kilichobaki ni kula tu. Lakini hakula. Uji wa mtama uliletwa moto, ukaondolewa baridi. Baba alianza kutuma habari kwa ndugu zake Walikale, kwa sauti ya chini, na sisi watoto tukaelewa bila kuambiwa.

Mchana mmoja nilikuwa nimekaa naye, dirisha limefungwa, akanishika mkono.

"Angalia. Banapita tena."

Kwenye shuka watu walikuwa wanapita kichwa chini, miguu juu, wadogo kama kiganja, kimya kabisa. Mwanamke na kikapu chake. Kisha pikipiki. Koko alizaliwa upande wa msituni, na huko bibi yake alimfundisha kwamba wafu hutembea hivyo.

"Banakuja kunichukua," akasema. "Sasa nikule ya nini?"

Mimi, hodari wa mdomo, nilitoka mbio mpaka shambani kwa mama, na sikumwambia kitu. Usinicheke, hata wewe ungekimbia.

Juma lile lile mwalimu wetu wa darasa la sita alileta mshumaa na karatasi ngumu tatu zenye matundu, akatuonyesha kwamba mwanga haujui kukata kona: ukishatoka unanyooka mpaka ukutane na kitu. Kisha akachora ubaoni. Mwanga wa kichwani ukipita kwenye tundu dogo unaangukia chini, wa miguuni unaangukia juu. Nikawakumbuka watu wa kwenye shuka. Koko mwenyewe alizoea kusema kuuliza si ujinga, basi nikauliza, "Mwalimu, hata watu wa barabarani?"

"Hata milima," akajibu.

Nilikimbia nyumbani, nikapapasa mbao za ukuta hadi nikalipata: tundu la msumari uliong'oka. Nikaliziba kwa kidole gumba. Wafu wakatoweka. Nikatoa kidole, wakarudi.

Koko alinyosha kidole kwenye shuka. "Na ule wa kikapu?"

"Ni Mama Neema, Koko. Anaenda kuchimba mihogo."

"Kumbe iko muzima! Na anapita kila siku bila kunisalimia."

Hasira ile ilimwinua, akakaa kitandani mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu arudi.

Lakini hofu haitoki siku moja. Alisema hataki kumwona mjukuu wake akipita miguu juu kama wafu. Tukapatana: kila siku nikitoka shule nitasimama kwa mikono pale barabarani, naye kwenye shuka ataniona niko wima; akiniona, atakunywa uji. Nilivaa suruali ya kaka yangu, nikasimama kwa mikono kwenye vumbi na kwenye tope, wapita njia wakinicheka. Mama alisikitika: "Mutoto mwanamuke, mikono chini kama mbuzi?" Kisha naingia ndani na viganja vichafu, namuuliza kama ameniona.

"Nilikuona," Koko anasema. "Ulisimama muzuri."

Na kikombe kitupu. Hakukosa kuunywa hata siku moja. Wakati wa kupanda maharage ulipofika alishika jembe, na akaishi miaka mingi.

Kwa majivuno yangu niliamini fizikia ndiyo iliyomponya. Leo naifundisha. Mwaka jana niliwafungia wanafunzi wangu madirisha, nikaacha tundu moja, nikatundika shuka. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka bondeni. Tulisubiri, na shuka likabaki tupu. Nikaanza kuwaeleza kwamba mwanga ukiwa hafifu hivi hakuna kinachoonekana, na katikati ya sentensi nikaanza kuhesabu. Msimu ule wa mvua kule Kingi, ukungu ulifunika barabara yetu siku ngapi? Siku hizo zote Koko alikuwa akitazama shuka jeupe lisilo na kitu, ananisikia nje nikianguka kwenye tope na kuinuka tena, na anakunywa uji wake mpaka mwisho.