Safari ya Kasese Kuulizwa Kama Niliolewa

Niliondoka Bwera kwa sababu mume wangu, Kambale, alikuwa ameiomba mahakama ya Kasese itamke kwamba hatukuwahi kuoana. Harusi ya kanisani, watoto wanne, wa kwanza ameshanipita kimo. Kisha bwana huyo akakumbuka kwamba kabla yangu alikuwa na mke mjini Beni, ng'ambo ya mpaka huko Kongo, aliye hai hadi leo. Watu husahau mwavuli. Wangu alisahau mke. Nia yake niliijua: ndoa ikivunjwa, nyumba tunagawana, ikibatilishwa, alitumaini nitoke mikono mitupu. Majibu ya maandishi nilikuwa nimeyapeleka. Ilibaki kuyasema mbele ya hakimu.

Asubuhi na mapema nilipanda bodaboda hadi Kyarumba kwa mama mkwe. Sikumpasha habari kabla, nikiogopa mwanawe angemuwahi. Kipande cha mwisho ni cha miguu; wanawake waliobeba maharage vichwani walinipita huku nikihema. Nilimkuta akigeuza kahawa juani.

“Mama, Kambale anasema alioa Beni kabla yangu.”

Mikono yake ikasimama. “Alioa na mbuzi za nani?”

“Ndiyo nimekuja kukuuliza.”

Akarudia kugeuza kahawa yake, nikadhani atanifukuza. Kwani si mwanawe?

“Ule mutoto nilimuzaa mimi,” akasema mwishowe. “Uongo yake sikuizaa. Ngoja nivae.”

Kutoka Kisinga tulipata teksi. Njia nzima hadi Kasese alitazama dirishani.

Mahakamani, Kambale alikuwa ndani ya suti mpya, akijieleza kwa Kiingereza cha kuazima mpaka hakimu akamwomba atumie lugha anayoijua.

“Baba wa huyo mke wa Beni anaitwa nani?” hakimu akauliza.

Kambale akakohoa. “Nimesahau, mheshimiwa. Ni zamani.”

Hata karani aliyekuwa akitafsiri aliinamisha uso. Mke amemsahau, mkwe amemsahau. Nilishangaa jina lake mwenyewe amelikumbukaje.

Kisha mama mkwe akaitwa. Kambale alipomwona, suti ikamlegea mwilini.

“Mutoto yangu hakuoa Beni,” akasema. “Alienda kule kuuza samaki, akarudi na malaria. Bibi yake ni huyu. Mbuzi za mahari nilizisindikiza mimi, kwa miguu.” Halafu akalia kwa sauti, na mimi niliyekuja tayari kucheka, nikashindwa.

Hakimu alilitupa ombi.

Nje uani, Kambale akanifuata. “Biira, mambo imeisha. Turudi nyumbani.”

“Hakimu amesema ndoa iko,” nikamjibu. “Basi iko. Sasa mimi ndiyo nitaomba ivunjwe, na nyumba tutagawana.”

Alimgeukia mama yake. Mama yake alikuwa ameshashika njia ya kituo.

Jioni, teksi iliposimama Kisinga, mama mkwe alishuka polepole, akanishika mkono kupitia dirisha. “Mukamwana, hata ukiachana naye, batoto utaniletea?”

“Jumapili, mama.”

Nilifika Bwera wabadilisha fedha wa mpakani wakifunga visanduku vyao, nikaingia nyumbani kwangu kwa mlango wa mbele. Nilichojifunza ni hiki: mwanamume anayetaka kumkana mkewe mahakamani atafute kwanza mama mwongo kama yeye. Kambale hakumpata, na watoto wangu, Mungu ashukuriwe, bado wana bibi.